Askari wa zimamoto unayerudi kwenu: namna ya kuhama Dar ukiwa bado kwenye zamu

Kila barua za uhamisho na za kustaafu zinapotoka, maswali ni yale yale. Nianze kufunga mizigo lini? Lori la bei ya kueleweka linapatikana wapi? Mtungi wa gesi unaruhusiwa kwenye basi? Helmeti narudisha au naondoka nayo? Nimeyajibu kwenye benchi la kituo, nimeyajibu kwa simu usiku wa manane, sasa nayaandika yote sehemu moja.

Mwongozo huu ni wa askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji aliyeko Dar es Salaam na anarudi kwao, ama kwa uhamisho ama kwa kustaafu. Mifano yangu mingi ni ya njia ya Mbeya kwa sababu kwetu ni Tukuyu, wilayani Rungwe. Wa Bukoba, Kigoma au Songea abadilishe majina ya njia. Kazi ni ile ile.

Shika jambo moja kabla ya mengine. Raia anahama kwa kufuata siku ya lori, sisi tunahama kwa kufuata zamu. Mpaka saa utakayosaini kitabu kwa mara ya mwisho, king'ora kikilia unapanda gari, hata kama godoro liko uani na dereva wa lori anapiga honi. Waulize waliokuwa kazini Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua, au Novemba 2024 ghorofa lilipoporomoka palepale Kariakoo. Siku kama hizo ratiba ya zamu ni karatasi tu, na anayesema "leo nahama" hakuna wa kumsikiliza.

Vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Barua yenyewe na nakala zake. Moja utaiacha kwa afisa utumishi, moja kwa mhasibu, moja itakaa na wewe.
- Ratiba ya zamu ya miezi miwili ijayo. Kama haijatoka, ya mwezi mmoja na nafasi ya kujaza kwa penseli.
- Bahasha au mfuko mmoja wa hati: kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, kadi za bima ya afya, barua ya ajira, mkataba wa nyumba. Mfuko huu haupandi lorini na haukai kwenye begi la nguo.
- Maboksi magumu, viroba vya sandarusi, kamba ya manila, gundi ya karatasi, makapeni nene, na turubai lisilotoboka.
- Pesa ya njiani uliyoitenga peke yake. Ukiichanganya na ya matumizi, itaisha kwa vocha na chai.
- Mtu mmoja unayemwamini ambaye si askari. Huyu ndiye atakayesimamia upakiaji ukiitwa kazini. Mke au mume anafaa, shemeji anafaa. Askari mwenzako hafai, kwa kuwa mkiitwa mtaitwa wote.

Hatua ya 1: Soma barua mpaka mstari wa mwisho

Wengi wanasoma jina la mkoa, wanashangilia, wanaikunja. Mstari unaohusu mfuko wako uko chini. Kama uhamisho umeuomba mwenyewe, tegemea kukuta maneno "kwa gharama zako mwenyewe", yaani nauli, lori na kila kitu ni juu yako. Kama mwajiri ndiye kakuhamisha, una stahiki: nauli yako na ya familia, usafiri wa mizigo, posho ya kujikimu ya siku za mwanzo na posho ya usumbufu. Mstaafu naye husafirishwa na mizigo yake hadi kwao. Angalia tu kwamba hiyo "kwao" ni ile iliyoandikwa kwenye jalada lako. Kama ulipoajiriwa ulijaza Rungwe na sasa umejenga Kibaha, kaulize kwa afisa utumishi mapema, kabla hujaanza kupiga hesabu ya pesa ambayo haitakuja.

Kosa la kawaida ni kuondoka kabla malipo hayajaingia ukiamini yatakufuata. Yatakufuata, ila kwa mwendo wake. Nenda kwa mhasibu ukiwa bado hapa, umwone usoni. Anayehamishwa aombe pia hati ya malipo ya mwisho ya mshahara, maana kituo kipya wataiulizia.

Hatua ya 2: Chora kalenda kwa kufuata zamu

Chukua kalenda ya ukutani. Zungushia zamu zako zote kwa rangi moja. Siku inayofuata zamu ya usiku iandike "kulala", na uiheshimu. Mtu aliyetoka kuvuta mpira usiku kucha Manzese hana mikono ya kubeba kabati asubuhi, na ndiyo siku mgongo unapokatika.

Siku ya lori iwe mapumziko ya pili baada ya zamu, kamwe isiwe ya kwanza. Kama kuna siku za likizo zimebaki, zipange ziishie baada ya lori kuondoka.

Ukitaka kubadilishana zamu na mwenzako, andikeni, na kiongozi wa zamu ajue. Makubaliano ya mdomo yana tabia ya kusahaulika siku gari linapotoka pungufu ya mtu mmoja.

Na kama una hiari ya mwezi, usihame wakati wa masika, Machi hadi Mei. Mvua ikichachamaa Jangwani panajaa maji, barabara ya Morogoro inafungwa, na wewe mwenyewe utakuwa kwenye maji unaokoa watu badala ya kufunga sahani.

Hatua ya 3: Rudisha vifaa mapema

Hapa ndipo watu wanapochelewa kuliko popote. Barua imetoka, pesa imeingia, lori limepatikana, halafu stoo wanasema kuna mkanda wa usalama ulisaini miaka kadhaa iliyopita na haujarudi.

Fanya hivi. Nenda stoo uombe kuona kumbukumbu ya vyote vilivyotoka kwa jina lako. Vinakili kwenye daftari lako. Nyumbani toa kila kitu kitandani ukilinganisha: helmeti, koti na suruali ya kuzimia moto, buti, glovu, mkanda, tochi, sare za kawaida, sare za gwaride. Kinachokosekana kitolee taarifa mara moja, kwa maandishi, kwa mkuu wa kituo. Taarifa ya mapema ni maelezo. Ya siku ya mwisho ni kesi.

Safisha kabla ya kurudisha. Koti la moto lina masizi ndani ya mishono, na masizi hayo si uchafu wa kawaida. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya uzimaji moto kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na moshi wa sigara. Kwa hiyo usilifue koti kwenye beseni la nguo za watoto, na usilitie kwenye kiroba kimoja na mashuka. Vaa glovu za mpira, lisugue nje kwa maji na sabuni, lianike lenyewe. Buti zijaze magazeti usiku kucha. Asubuhi utayakuta yameloa na yananuka moshi, utie mengine. Kioo cha helmeti kisugue kwa kitambaa laini, usitumie dodoki la chuma, litakikwaruza na stoo wataandika "imeharibika".

Vifaa vya pamoja, kama mitungi ya hewa na redio, usivishike kama mali yako hata kwa siku moja ya ziada. Virudishe siku ile ile unayomaliza zamu navyo.

Kisha hati ya makabidhiano, yenye jina la kila kifaa, hali yake, tarehe, na saini mbili. Ipige picha kwa simu palepale dirishani. Na sare kuukuu usimgawie mpwa akalimie.

Hatua ya 4: Kabidhi na kile ulichonacho kichwani

Hakuna anayekudai hiki, na ndicho ninachokiona cha maana kuliko vyote. Askari aliyekaa Dar miaka mingi anajua vitu ambavyo havimo kwenye ramani. Anajua kichochoro gani cha Tandale gari kubwa haliingii na unapaswa kuvuta mpira kwa miguu. Anajua geti lipi la ghala Buguruni huwa na kufuli mbili na mlinzi mwenye ufunguo analala wapi. Anajua mtaa upi Kariakoo ukipita saa kumi jioni umekwama kati ya maguta na mikokoteni, na upi unapitika.

Juu ya yote anajua maji yalipo. Wananchi wanatupigia kelele kwamba tumekuja bila maji, wakati ukweli ni hesabu rahisi: boza la lita 5,000, likitoa lita 500 kwa dakika, linakauka baada ya dakika 10. Moto wa nyumba tano zilizobanana hauishi kwa dakika 10. Anayejua kisima, tangi la kiwanda au bomba la kujazia lililo karibu ndiye anayeokoa nyumba ya sita.

Kwa hiyo nunua daftari la kurasa 100, liandike kwa eneo: Kariakoo, Ilala, Buguruni, Vingunguti, au popote kituo chako kinapohudumia. Kila eneo andika njia ya kuingilia, mahali pa kugeuzia gari, maji, na mtu wa kumpigia. Tumia zamu zilizotulia, saa zile mnapocheza bao. Kisha mchukue kijana anayekuja nyuma yako, mpite naye kwa miguu. Akipita mara moja atakumbuka zaidi ya akisoma mara kumi.

Hatua ya 5: Mafao, mikopo na afya

Anayehama tu aruke nusu ya hatua hii. Mstaafu asome yote.

Michango yako PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, iangalie mwenyewe, mwezi kwa mwezi. Mfuko huu ulianza 2018 kwa kuunganisha PSPF, LAPF, GEPF na PPF, kwa hiyo aliyeajiriwa zamani, hasa enzi za zimamoto za halmashauri, ahakikishe miaka yake ya mfuko wa kwanza imeingia. Pengo la miezi linazibika kirahisi ukiwa Dar na hati mkononi. Ukiwa Tukuyu ni nauli ya kwenda na kurudi.

Mkupuo, yaani sehemu ya mafao unayolipwa kwa mara moja ukistaafu, ulipandishwa mwaka 2024 kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa wengi wetu. Kinachobaki unalipwa kama pensheni ya kila mwezi. Omba hesabu yako kwa maandishi, na usimwahidi fundi pesa yoyote kabla hujaiona kwenye akaunti. Ndugu nao usiwatangazie tarehe.

VICOBA na SACCOS: toa taarifa ya kujitoa mapema, na ulipe deni lako lote. Kumaliza deni la kikundi baada ya kuhama ni aibu inayokusubiri kwenye kila harusi utakayorudi.

Kuhusu afya, pima kabla ya kuondoka: mapafu, masikio, macho na mgongo. Moshi na king'ora vinakula mwili polepole. Kama uliwahi kuumia kazini, hakikisha taarifa ya tukio na karatasi za hospitali zimo kwenye jalada, na nakala iko kwenye mfuko wako wa hati.

Hatua ya 6: Nyumba, mtaa na shule

Mpe mwenye nyumba notisi kwa maandishi kama mkataba unavyosema. Wa kota akabidhi vitasa, taa, vioo na funguo kwa orodha. Salio la LUKU halihamishiki, uniti zilizobaki kwenye mita ni za atakayeingia, kwa hiyo mwezi wa mwisho nunua kidogo kidogo. Bili ya maji ilipe na uhifadhi risiti.

Kwa mwenyekiti wa mtaa chukua barua ya utambulisho kwenda kijiji au mtaa unakohamia. Watu wanaona ni ushamba mpaka siku wanapotaka kufungua akaunti au kugawiwa maji kule.

Mtoto wa darasa la saba au kidato cha nne usimhamishe kati ya mwaka. Ameshasajiliwa kwa mtihani hapa alipo. Tafuta ndugu akae naye hadi amalize. Wengine wahamishe Januari au Julai, mwanzo wa muhula, na mwalimu mkuu akupe namba ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi wa shule ya msingi.

Hatua ya 7: Tafuta lori linalorudi

Usianze na madalali. Anza sokoni. Malori ya ndizi kutoka Rungwe yanashusha Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi, na baada ya kushusha yanatafuta mzigo wa kurudi nao. Nenda alfajiri, kabla madereva hawajalala. Wa mikoa mingine atumie akili hiyo hiyo: lori lililoleta mazao ya kwenu linarudi kwenu.

Mambo ya kukubaliana, kabla hujatoa hata shilingi:

- Bei ya nafasi au ya lori zima? Ukinunua nafasi, mzigo wako utakaa chini ya saruji ya mtu.
- Nani analipa wapakiaji Dar na washushaji kule?
- Lori linafika mlangoni au linaishia mjini? Barabara za vijijini wakati wa mvua si za Fuso.
- Litakaa njiani muda gani? Dar hadi Mbeya ni kama kilomita 830, kuna mizani Vigwaza na kwingineko, na kuna Kitonga, ambako gari moja likifa mlimani foleni inalala pale.

Lipa nusu ukipakia, nusu mzigo ukishuka. Dereva akikataa kabisa utaratibu huo, mwache.

Lori la ndizi lina kasoro yake: utomvu. Bodi imeganda utomvu mweusi, na utomvu wa ndizi ukishika godoro au kochi la kitambaa hautoki tena kwa sabuni yoyote. Mwambie tingo afagie, mwage maji, mtandike turubai sakafuni na lingine ubavuni kabla ya kipande cha kwanza kupanda.

Mwenye mizigo michache apande basi Stendi ya Magufuli pale Mbezi, aweke viroba kwenye buti. Treni ya TAZARA nayo inafika Mbeya, kwa asiye na haraka.

Hatua ya 8: Funga mizigo kama mtu anayeujua moto

Inashangaza namna askari anayewafundisha wanafunzi kila wiki juu ya gesi anavyofunga mtungi wake mwenyewe ndani ya blanketi.

Mtungi wa gesi kwenye basi haupandi, hata uwe mtupu. Mtupu huo una mabaki. Kwenye lori unakaa wima, umefungwa kamba, valvu imefungwa, regeleta imetolewa, tena nyuma penye hewa, mbali na injini na mbali na godoro. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini, kwenye kona ya bodi, ikisubiri mtu awashe sigara. Ushauri wangu ni mfupi zaidi: mwachie ndugu wa Dar mtungi, ukachukue mwingine kule.

Petroli imalize kwenye jenereta na pikipiki. Fungua tangi, mimina, liache wazi mpaka harufu ipungue. Betri ya pikipiki au ya sola ichomoe, vichwa vyake uvifunge kwa gundi ya umeme visigusane na chuma. Mafuta ya taa gawa. Mkaa usibebe, utasimamishwa kwenye vizuizi vya maliasili, na unakokwenda mkaa upo.

Friji isafiri imesimama. Ikilazwa, mafuta ya kompresa yanapanda kwenye mabomba, na ukiiwasha hapo hapo unaiua. Isimamishe usiku kucha kwanza. Vyombo funga kwa kanga na magazeti. Kila boksi liandikwe chumba linakokwenda, na boksi la usiku wa kwanza, lenye shuka, sufuria, tochi, dawa na chaja, lipande la mwisho ili lishuke la kwanza.

Hatua ya 9: Siku ya lori

Piga simu kituoni asubuhi ujue hali ya zamu. Mpe msimamizi wako orodha ya mizigo, namba ya lori, nakala ya leseni ya dereva na pesa ya wapakiaji. Ukiitwa, ondoka bila maelezo mengi. Kila kitu anacho. Mfuko wa hati uwe mgongoni mwako. Wewe na familia msipande juu ya mizigo, hata dereva akisema ni bure.

Hatua ya 10: Ukifika

Hapa nina ugomvi na wenzangu wa nyanda za juu. Mtu amekaa Dar kwenye joto miaka 20, anafika Tukuyu mwezi wa Juni, baridi inamwingia mifupani, usiku anaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Wewe uliyetoa miili kwenye vyumba vya namna hiyo unajua kinachofuata. Hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, usingizi mzito, na hakuna wa kuamka. Jiko lilale nje, limezimwa. Nunua mablanketi. Na mwambie mama, na mama mkwe, na mpangaji wa chumba cha uani, kwa maana wao ndio watakaoliingiza wakidhani wanakupenda.

Kagua nyumba siku ya kwanza kama unavyokagua hoteli. Grili za madirisha: je, kuna hata moja inayofunguka kutoka ndani? Kama hakuna, mwite fundi wa kuchomelea atie bawaba na kitasa kwenye dirisha moja la kila chumba cha kulala. Ufunguo wa mlango uning'inie sehemu moja inayojulikana na mtoto. Nyaya za zamani zikiwa na joto ukigusa swichi, zima sakiti na umwite fundi umeme. Weka mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu karibu na mlango, usiuweke juu ya jiko. Sindano ya geji iwe kwenye kijani. Kiangazi, watu wanapochoma mashamba, safisha njia ya kuzuia moto kuzunguka nyumba na migomba.

Wafundishe wote wa nyumbani namba 114. Halafu waambie ukweli: kituo kinaweza kuwa mbali, kwa hiyo dakika za mwanzo ni zao.

Ukikwama

*Stoo wanasema umepoteza kifaa, wewe una hakika ulirudisha.* Omba kuangalia kitabu cha makabidhiano cha tarehe hiyo. Kama saini haipo, andika maelezo na utaje shahidi wa zamu. Usibishane dirishani, mtunza stoo hana mamlaka ya kukusamehe.

*King'ora kimelia lori likiwa nusu.* Nenda. Msimamizi aendelee kwa orodha. Kama hukuweka msimamizi, mlipe dereva posho ya kusubiri na mzigo ulioko nje urudishwe ndani, usiachwe uani na watoto.

*Barua ya kuripoti ina tarehe ya karibu kuliko malipo.* Ripoti kwa tarehe hiyo na begi moja, familia na mizigo vifuate. Kuchelewa kuripoti kunaingia kwenye jalada. Godoro halina jalada.

*Usingizi haukai baada ya kuacha zamu.* Mwili umezoea kushtuka. Lala na kuamka saa zile zile, punguza kahawa jioni, tembea asubuhi. Ikiwa ni ndoto za matukio zinazokurudisha kwenye moto usiku baada ya usiku, nenda hospitali ukaseme hivyo hivyo. Ni ugonjwa wa kazi na una tiba.

*Lori limeharibika njiani.* Usikubali mzigo kuhamishiwa gari lingine bila orodha na bila mtu wako. Mwambie dereva atume picha ya bodi kabla na baada ya kuhamisha.

*Kijiji kizima kinakuita kwenye kila moto.* Kitakuita, jiandae. Ongea na ofisi ya kijiji mapema, mkubaliane: wewe unaelekeza, vijana wanabeba ndoo na matawi, na mtu mmoja kazi yake ni kupiga 114 tu. Kwenye nyumba inayowaka usiingie bila mtungi wa hewa, hata kama wote wanakutazama na kusema huyu si ndiye zimamoto. Mtungi ulishaurudisha stoo.